Nakala ya vifurushi vya Debian bila intaneti: inakubali siku chache kisha inagoma

Fundi_Likoni
Assalam alaikum ndugu zangu. Maabara iko Likoni: kompyuta 24 za Debian 12 (toleo liitwalo bookworm), seva moja, intaneti hamna. Diski ya TB 1 hujazwa kisiwani Mombasa kwa debmirror (programu ya kunakili hazina ya vifurushi), ikavuka feri, ikamwagwa kwenye seva kwa rsync (programu ya kunakili faili). Siku chache shwari, halafu bookworm-security (hazina ya masasisho ya usalama) inakataa: "Release file is expired". Mtu akipiga `apt update` (kusasisha orodha ya vifurushi) kabla kunakili hakujaisha, anapata "Hash Sum mismatch" (faili hailingani na orodha). Na tangu security iongezwe, hazina kuu imefutika yote! Kosa liko wapi?

Mkereza
Waalaikum salaam. Tuanze na kufutika. Debmirror hufuta kila faili isiyoijua ndani ya folda uliyoipa. Ukielekeza `--root=debian` na `--root=debian-security` kwenye folda moja, ya pili inaifyeka ya kwanza. Zitenge:

`debmirror /mnt/diski/debian --host=deb.debian.org --root=debian --method=http --dist=bookworm,bookworm-updates --section=main,non-free-firmware --arch=amd64 --nosource --keyring=/usr/share/keyrings/debian-archive-keyring.gpg`

Kisha amri kama hiyo kwa `/mnt/diski/debian-security`, na `--root=debian-security --dist=bookworm-security`. Tanguliza `--dry-run` uone ukubwa wa mzigo kabla bando halijaliwa.

Kilindini_7
Hiyo "expired" si ubovu wa diski. Faili ya Release (muhtasari wa hazina uliotiwa sahihi) ya security na ya updates ina mstari wa Valid-Until (mwisho wa uhalali), kama wiki moja tu. Ya bookworm yenyewe haina, ndiyo maana hailalamiki. Kama hupeleki diski kila wiki, weka hivi kwenye kompyuta za maabara:

`deb [check-valid-until=no] http://10.0.0.2/debian-security bookworm-security main`

Sahihi bado inakaguliwa, kwa hiyo usishawishike kuandika `trusted=yes` (amini bila kukagua sahihi); huko ni kuacha mlango wazi. Unachopoteza ni kinga dhidi ya kulishwa orodha iliyopitwa na wakati. Ukiona "not valid yet" badala yake, tazama saa: betri ndogo ya saa ya kompyuta (CR2032) ikifa, kompyuta inarudi miaka nyuma.

Mkereza
Na "Hash Sum mismatch" ni mpangilio wa kunakili. Orodha mpya imefika, vifurushi vyake bado vimo njiani, au Packages (orodha ya vifurushi) ni mpya na Release ni ya jana. Peleka `pool/` (vifurushi vyenyewe) kwanza bila kufuta chochote, halafu `dists/` (orodha), mwisho rudia `pool/` na `--delete`. Kufuta kunakuja mwisho kwa sababu orodha ya zamani bado inavihitaji vifurushi vyake hadi ile mpya ikae.

Fundi_Likoni
Shukran. Diski ni FAT32 (umbizo la diski), kuna neno?

Kilindini_7
Lipo, sheikh. Haibebi viungo (`stable` ilikuwa kiungo cha `bookworm` hadi 2025), na saa zake huruka sekunde mbili mbili, rsync ikadhani faili zimebadilika ikanakili upya. Iumbe ext4 (umbizo la Linux). Na kama ni kompyuta mbili tatu tu, achana na hazina nzima, tumia programu ya apt-offline: `apt-offline set ombi.sig --update --upgrade` huku, `apt-offline get ombi.sig --bundle mzigo.zip` kwenye intaneti, `apt-offline install mzigo.zip` ukirudi, kisha `apt upgrade`. Fleshi inatosha kuvuka nayo.