Tupeane uzoefu: waliofuatilia ukoo wa wakwe zao Marekani hadi enzi za ukoloni

Wakuu, mke wangu ni Mmarekani mweusi wa Virginia. Upande wangu watoto wanaujua vizuri. Upande wa mama yao umekwama kwenye sensa ya 1870, ya kwanza kuwaandika kwa majina watu waliotoka utumwani. Zile za 1850 na 1860 zina jina la bwana. Watumwa wake ni umri, jinsia na rangi tu. Mliofika hadi miaka ya 1700, mlipitia wapi?

Mama Zuhura: Mirathi, mkuu. Mtafute kwanza bwana, halafu fuata vifo vya ukoo wake. Mtumwa alihesabiwa mali, hivyo bwana akifa aliorodheshwa na bei yake. Tulimkuta bibi wa ukoo wa mume wangu: "Judith na mtoto wake Sam", juu yao farasi jike, chini yao birika la shaba. Mume wangu aliinuka akatoka nje. Mimi nililia. Lakini lilikuwa jina, na kabla ya hapo hatukuwa na jina. Shikilieni upande wa mama: sheria ya Virginia ya 1662 ilitaka mtoto afuate hali ya mama yake, kwa hiyo baba wa mtoto wa mtumwa ni nadra kuandikwa.

Kheri wa Pangani: Wakwe zangu ni wazungu wa Massachusetts, kwao makaratasi yapo tele. Angalieni tarehe tu. Kabla ya 1752 makoloni ya Mwingereza yalianza mwaka Machi 25. Mama mkwe aliona ndoa ya Juni 1731 na ubatizo wa Februari 1731, akaamini mtoto alitangulia ndoa. Kumbe Februari ile kwetu ni ya 1732. Alifurahi mno.

Mama Zuhura: Mleta mada, kaunti gani?

Mleta mada: Hanover.

Mama Zuhura: Pole sana. Vitabu vingi vya mahakama ya Hanover vilipelekwa Richmond vikae salama wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vikaungua Aprili 1865. Ila kitabu cha wazee wa parokia ya St. Paul's, 1706 hadi 1786, kimebaki, na kina majina ya wenye mashamba na majirani zao. Jina la bwana wa 1860 unalo? Nitumie inbox, tuanze na majirani.