Kijimlango cha paka ambacho mwizi hatapitisha mkono?

mamapaka_kizingo: Jamani nataka kumtobolea paka wangu kijimlango kwa mlango wa jikoni, nimechoka kuamka usiku wa manane kumfungulia, lakini mume wangu ahofia mwizi atatia mkono afungue komeo, na hawa mapaka wa mtaani nao wasije wakanimalizia samaki. Ninunue cha aina gani?

fundi_tudor: Dadangu kabla ya aina angalia mahali. Toboa chini kabisa upande wa bawaba, mbali na kitasa, na funguo usilaze mlangoni. Mkono wa mtu wafika mbali, lala sakafuni ujaribu mwenyewe uone. Komeo la juu litie kufuli.

pwani_vet: Vya sumaku wachana navyo, paka yeyote mwenye sumaku kwa kola aingia, na hizo kola zenyewe hupotea. Chukua cha chipu kama SureFlap, chasoma chipu iliyo chini ya ngozi ya paka wako, wageni wabaki nje. Chatumia betri nne za AA kwa hivyo stima ikipotea hakina neno.

mwana_oldtown: Sawa, lakini chipu yazuia paka, sio mwizi, ile ni plastiki tu. Mie nimekitia dirishani nyuma ya grili, paka apita katikati ya vyuma, mtu hapiti.

mamapaka_kizingo: Aaah dirisha! Grili ninayo tayari. Fundi, kioo chatobolewa ama nibadilishe kipande nitie mbao?

fundi_tudor: Tia mbao dada, plywood ya marine, ile ya kustahimili maji, unyevu wa hapa hautaiharibu haraka.