Naomba ushauri: mapaja ya korongo wa Texas na kano zake

Wakuu, habari zenu. Nazungumzia ndege, korongo wa kijivu mwenye kipaji chekundu (kwa Kiingereza sandhill crane), anayewindwa Texas majira ya baridi kwa kibali maalumu (mweupe mkubwa mwenye ncha nyeusi za mbawa usimguse, analindwa kisheria).

Kifua hakinisumbui. Natoa utando mweupe wote, chumvi gramu 15 kwa kilo, nailaza kwenye friji usiku kucha bila kufunika, kisha kikaango cha chuma chenye moto mkali. Naitoa nyama ikifika nyuzi 54 za Selsiasi ndani. Ukiizidisha moto inakauka na kupata ladha ya maini.

Shida ni mapaja. Nayachemsha saa 3 kwa moto mdogo, na kitunguu, tangawizi na ndimu. Nyama inalainika, ila kano zinabaki ngumu kama njiti. Nikiongeza muda, nyama inachambuka na kukauka. Presha kuka dakika 50, yale yale.

Je, kano mnazivuta zikiwa mbichi, kabla ya kukata mguu, kama kwa bata mzinga? Au bora kusaga yote kwa kababu? Mafuta ya ng'ombe asilimia 15 yanatosha, au mnaongeza?