Msaada wakuu: turubai la ubavuni la karavani, nichague lipi na linasimikwaje? (Mbeya)

Mama wa Uyole
Habari zenu wakuu, na wakubwa shikamooni. Mimi na mume wangu tumenunua karavani iliyotumika, yaani kale kanyumba ka magurudumu kanakovutwa na gari, imevutwa kutoka Afrika Kusini ikapita Zambia ikaingilia Tunduma, ya kulala watu wanne, ina kajiko na kabati na mlango uko kushoto. Ni nzuri ila ndani ni padogo sana, watoto wakiingia na viatu vya tope basi tena hapakaliki, ndo maana tunataka lile turubai la kuungwa ubavuni tupate kama sebule ya kukaa na kuacha mabuti na vyombo.

Tunataka twende hifadhi ya Kitulo msimu wa maua, yaani Desemba mpaka Aprili, mvua yenyewe ndo hiyo. Afu Matema watoto wakifunga shule mwezi wa sita, na tukijaaliwa Ruaha. Sasa nikiangalia mtandaoni kuna ya nguzo, kuna ya kujaza upepo, kuna yanayojikunja kwenye boksi juu ya mlango. Saizi wanaandika 925, 1000, 1050 wakati karavani yetu hata mita tano haifiki, hizo namba ni za nini? Na kuna kaka Mwanjelwa ana la mtumba la kijani, halina karatasi yoyote, anasema linaingia karavani zote. Nichukue au nimwone fundi anishonee? Naombeni mnisaidie kabla hatujatoa hela.

Fundi Turubai Iringa
Kamwene dada. Mimi nashona maturubai ya fuso na pikapu, na mahema ya watu wa safari za Ruaha, kwahiyo hii ni kazi yangu ya kila siku. Naomba ushike hili moja kabla ya yote, hakuna turubai linaloingia karavani zote. Huyo kaka usimpe hela bado.

Hizo namba ni sentimita, lakini sio urefu wa karavani. Angalia ubavu wenye mlango utaona reli nyembamba ya alumini imeanzia chini mbele, ikapanda, ikapita juu ya mlango ikashuka nyuma. Saizi ni kipimo kinachoanza kwenye ardhi, kinafuata reli yote mpaka kinagusa ardhi upande wa pili. Ndo maana karavani ya mita nne na nusu inakuletea 900 na kitu. Watengenezaji wengi wanapanga saizi kwa hatua za sentimita 25, kwahiyo ukikosea kidogo tu umeshahamia saizi nyingine na turubai litakuja na mikunjo au halitagusa chini.

Kupima, peleka karavani sehemu tambarare, weka pima maji sakafuni, inua kwa jeki za pembeni mpaka ikae sawa. Futi kamba ya chuma inasumbua kwenye kona, tumia kamba isiyovutika, mmoja ashike mwanzo mwingine aipitishe ndani ya reli, weka alama mwisho, afu ilaze kamba chini ndo uipime. Rudia. Zikipishana zaidi ya sentimita mbili tatu kuna mtu alivuta sana, anzeni upya. Ila kama unataka lile dogo la kufunika sehemu ya mlango tu, hilo linauzwa kwa upana wake, kama 260, 330 au 390, na utapima urefu kutoka ardhini mpaka kwenye reli ya juu, mengi yanataka iwe kati ya 235 na 250.

Pima pia unene wa ule ukingo wa turubai wenye kamba ndani, ndo unaoingia kwenye reli. Karavani nyingi zinachukua milimita 5 mpaka 7. Ukiwa mnene unakwama katikati, ukiwa mwembamba upepo unauchomoa usiku.

Sasa kitambaa, na hapa ndo watu wa kwetu huku juu tunatakiwa tuwe makini. Kitulo iko kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, usiku baridi kali, asubuhi ukungu, mchana mvua. Polyesta ni nyepesi na inakauka haraka ila haipumui, pumzi za watu wanne zinageuka maji kwenye dari na asubuhi yanawadondokea usoni mkadhani linavuja. Kanvasi ya pamba iliyochanganywa na polyesta inapumua, inatulia kwenye upepo na ukitaka kuziba tundu sindano na uzi vinatosha. Ubaya wake ni uzito na kuchelewa kukauka. Kwa safari zako mimi nashauri paa na kuta ziwe kanvasi, na sketi ya chini, ule mkanda unaogusa ardhi, iwe PVC, ile plastiki nzito, kwa sababu ya tope. Ukiamua polyesta basi angalia kiwango cha kuzuia maji, wanaandika kwa milimita, 3,000 kwenda juu ndo nitakuwa na amani nacho kwa mvua ya Rungwe na Makete, na mishono yote iwe imezibwa kwa utepe kwa ndani.

La mtumba sio baya, ila mwambie alitandaze lote juani. Linuse, ukungu una harufu yake na ukishaingia kwenye pamba hautoki. Kunja plastiki ya dirisha taratibu, ikilia kama karatasi imeshakufa. Fungua na funga zipu zote. Vuta kitambaa cha paa kwa vidole viwili pale kilipopigwa jua sana, kikichanika acha kabisa. Na hesabu nguzo, maana turubai bila nguzo zake utachomelea bomba mpaka uchoke.

Dereva Makambako
Fundi naheshimu kazi yako ila mbona mnamzungusha dada wa watu? Anunue turubai la semi, lile la PVC, atobolewe matundu, afunge kamba juu ya karavani na miti miwili mbele, kwisha kazi. Mimi nalala chini ya turubai la hivyo Makambako na upepo wa kule mnaujua ulivyo.

Fundi Turubai Iringa
Dereva, kwa kulala usiku mmoja barabarani uko sahihi kabisa na linadumu. Ila yeye anataka akae siku kadhaa na watoto. PVC haipumui hata kidogo, kwa baridi ya Kitulo maji yatatiririka kwa ndani usiku kucha. Afu ni zito, ukilifunga juu ya paa la karavani, upepo ukilipiga linasugua alumini na kutikisa madirisha. Na kati ya turubai na ubavu panabaki upenyo, mvua inaingia pale pale mlangoni. Ile reli imewekwa makusudi kuziba huo upenyo.

Mwenyeji wa Kyela
Dada Uyole karibu sana Matema. Nazungusha wageni huku kusini, ngoja niseme ya kusimika maana fundi kashamaliza ya kununua.

Kabla hujachomoa chochote kwenye mfuko simama uangalie upepo unatoka wapi. Matema iko ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa na kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane mwera unavuma kutoka kusini, unakuja moja kwa moja toka majini, mawimbi makubwa. Najua kila mtu anataka sebule iangalie ziwa, lakini kipindi hicho geuza karavani ubavu wa kulia uwe ziwani, turubai lijifiche nyuma yake. Mtaona ziwa mkitoka nje. Karavani ndo ukuta wenu wa upepo.

Afu isawazishe karavani kwanza na kuikaza breki. Watu wanasimika turubai halafu ndo wanakumbuka jeki, nguzo zote zinapinda. Pangusa reli, paka silikoni ya kupuliza au sugua mshumaa, tandaza kitambaa kingine chini turubai lisiburuzike kwenye mchanga. Inataka watu wawili: mmoja anaingiza ukingo kwenye mdomo wa reli, mwingine anavuta polepole kwa mbele, msivute kwa hasira. Likishafika katikati fungeni zipu zote, milango yote, NDO mpige vigingi. Ukipiga kigingi zipu zikiwa wazi, baadae hazifungi na ukilazimisha zinakatika. Nguzo ya katikati ianze, zifuate za pembeni, zilegee kwanza, kaza mwishoni zote kwa pamoja huku ukizunguka. Paa liwe na mteremko wa kueleweka, na mguu mmoja wa mbele ushushe kidogo kuliko mwingine ili maji yapate pa kukimbilia. Huku Tukuyu na Kyela mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, paa likiweka dimbwi ni suala la muda tu nguzo ipinde.

Vigingi vinavyokuja na turubai ni vya nyasi za Ulaya, ongeza vya kwako. Ruaha kiangazi ardhi imekauka ngumu, kata nondo ya milimita 12 urefu wa mkono, ichongwe ncha, nyundo ya chuma. Kitulo udongo ni laini umelowa, nondo hiyo hiyo inashika kama ni ndefu. Matema mchangani kigingi hakishiki, chukua viroba ujaze mchanga, funga kamba kiunoni mwa kiroba, chimba, kifukie. Kigingi kilale kwa mshazari, kichwa kikitazama mbali na turubai. Na ule mkanda mpana wa dhoruba unaopita juu ya paa ufungeni hata kama mbingu ni nyeupe, upepo hautoi taarifa.

Mengine mawili naomba myachukulie kwa uzito. Kitulo kuna baridi na watu wetu tumezoea kuingiza jiko la mkaa ndani. USIFANYE HIVYO, kwenye turubai wala kwenye karavani. Mkaa unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, mtu analala haamki. Blanketi nzito, soksi, chupa ya maji ya moto, inatosha. Kupika ni nje. La pili, Ruaha usiache matunda wala unga ndani ya turubai. Tembo anasikia harufu ya maembe na machungwa toka mbali, na ngedere na nyani zipu kwao sio kitu.

Mama wa Uyole
Jamani asanteni sana, ndaga fijo. Leo jioni tumepima na mzee kwa ile njia ya kamba, mara ya kwanza 914 ya pili 913. Bado yeye anapenda sana lile la kujaza upepo, anasema halina nguzo wala kelele, dakika chache limesimama. Mnasemaje? Na lile la boksi?

Mwenyeji wa Kyela
Kusimama ni kweli linasimama haraka. Ila mwambie shemeji hivi, hewa inasinyaa kwenye baridi na kutanuka kwenye jua. Mkijaza mchana Kitulo, saa tisa usiku litakuwa limelegea, mkijaza sana asubuhi ya baridi jua la saa sita linaikaza mishipa, yale mabomba ya hewa yanayosimama badala ya nguzo, mpaka inahatarisha mishono. Lazima awe na pampu yake yenye geji na afuate kiwango kilichoandikwa kwenye valvu, asije akaenda kwenye compresa ya gereji maana ile ina nguvu ya tairi. Na ikipata pancha, gundi ya fundi baiskeli haishiki vizuri kwenye plastiki ya ile mishipa, inataka viraka vyake maalum, abebe kabisa na mshipa mmoja wa akiba. Nguzo ikipinda Mafinga au Makambako, mchomeleaji yeyote anakutoa. Mimi ningechukua la nguzo.

La boksi ni kivuli tu. Kwa Ruaha mchana au kusimama kula njiani ni zuri mno, ila halina kuta na upepo ukianza unalikunja.

Fundi Turubai Iringa
913 au 914 basi tafuta linaloandikwa 900 hadi 925. Hilo la Mwanjelwa lipime ukingo wake wote kutoka pembe ya chini mpaka pembe ya chini, likiwa humo na likafaulu yale majaribio ya juani, chukua, kushonea sketi mpya na kubadili zipu ni kazi ndogo. Likiwa 1000 mwachie.

Na kama utaishia kwenye kanvasi mpya, kabla ya safari lisimike nyumbani, limwagie maji lote lilowe, liache likauke likiwa limesimama, urudie. Uzi wa pamba unavimba na kuziba matundu ya sindano, kanvasi mpya ikivuja mvua ya kwanza ni kawaida yake. Usilisugue kwa sabuni ya unga, maji matupu na brashi laini. Na mkilikunja Kitulo likiwa bichi, siku hiyo hiyo mkifika Uyole litandazeni hata kama ni usiku chini ya banda.

Dereva Makambako
Haya nimeelewa fundi, hapo kwenye maji kutiririka kwa ndani ni kweli naamkaga nimelowa. Dada, moja la barabara: Kitulo msipandie Chimala na karavani nyuma, ile kupanda Matamba ina kona 57 na nyingine hata fuso inarudi nyuma ndo ikate. Pitieni Isyonje, ile njia ya Tukuyu unakata kushoto. Na turubai liwekeni chini kwenye sakafu juu ya ekseli, msilitupie nyuma kabisa, uzito ukikaa nyuma karavani inaanza kuyumba kwenye mteremko.

Mama wa Uyole
Sawa kaka, Isyonje tunapajua. Jumamosi naenda Mwanjelwa na futi yangu na kamba. Fundi, nikikuta ukingo ni milimita 7 na reli yetu ni ya 6, unaweza ukabadilisha ukingo peke yake?

Fundi Turubai Iringa
Inawezekana dada, nafumua mshono wa juu nashona ukingo mwingine, ni kazi ya siku moja. Nitumie picha ya mdomo wa reli na rula pembeni.