Nimelipa dola 65 nikafundishwa kwamba present perfect ni pase kompoze. Kazi imenipita!

Bandugu, naandika na hasira, mnisamehe nikikwaruza mtu.

Huu ni mwezi wa tatu, kila jioni natoka Kadutu, matope hadi kwenye vifundo vya miguu, naenda kituo kimoja cha Kiingereza huku Ibanda, hapa hapa Bukavu. Jina silitaji. Dola 20 kwa mwezi, silabusi dola 5 (fotokopi ya fotokopi, ukurasa wa 14 hausomeki kabisa). Tena kuna faini: ukitoa neno moja la Kiswahili darasani, franka 500 ndani ya kopo. Hilo kopo mlikumbuke, nitalirudia.

Wiki ya nne tukafika present perfect, ule wakati wa Kiingereza wenye have. Profu akaandika ubaoni "I have eaten", pembeni "j'ai mangé", katikati akachora mshale. Akasema ni pase kompoze tu, ule wakati uliopita wa Kifaransa, have ndiyo avoir, msiumize vichwa. Tulifurahi kweli! Pase kompoze tunaijua tangu shule ya msingi. Tukanakili mshale, tukaenda kulala.

Sasa sikieni. Mwezi uliopita niliitwa kwenye mahojiano, shirika moja la kiutu, nafasi ya lojistiki, kila kitu kwa Kiingereza. Wakaniuliza kuhusu mwajiri wangu wa zamani. Nikajibu kwa kifua: "I have worked there for four years." Kichwani mwangu ilikuwa "j'ai travaillé là-bas pendant quatre ans", yaani nilifanya kazi pale miaka minne, basi. Mkataba wangu pale ulikwisha 2021.

Siku tisa kimya. Nikapiga simu. Bahati nzuri nikampata mama mmoja Mkenya aliyekuwa kwenye ile meza, akanihurumia, akanieleza kwa Kiswahili.

"Kaka, si ulituambia bado uko pale? Tulipowapigia walisema uliondoka kitambo. Wenzangu wakaona wewe ni mwongo."

"Mama, mimi sikusema bado niko pale!"

"Ulisema. Ukiweka 'have worked' na 'for four years', tunasikia ulianza miaka minne iliyopita na mpaka leo hujatoka. Ungesema 'I worked' tu, kazi ingekuwa yako."

Neno moja, have, ndilo limenifanya mwongo mbele ya watu ambao hata hawanijui.

Jioni hiyo nikaazima kitabu cha sarufi kwa jirani, ambaye mtoto wake anasoma Rwanda, ng'ambo ya mto Ruzizi. Wenzetu Wanyarwanda walihamia Kiingereza mashuleni tangu 2008, vitabu kwao si shida. Nikasoma kwa tochi ya simu maana umeme ulikuwa umekwenda zake. Kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kupandwa na hasira.

Chukueni Mobutu. Alitawala kutoka 1965 mpaka 1997. Kwa Kifaransa ukisema "Mobutu a régné pendant trente-deux ans" hakuna wa kukushangaa. Fuata mshale wa profu wangu, andika "Mobutu has ruled for 32 years", Mwingereza atakuuliza marehemu amefufuka lini. Have imeufungua mlango, mtu bado yumo ndani. Ndiyo maana yesterday, last year, in 2021 hazikai nayo: hizo ni milango iliyofungwa, na ufunguo umetupwa ziwani. Hata swali la when halikai nayo. "When have you arrived?" si Kiingereza, ingawa "Quand es-tu arrivé?" ni Kifaransa safi.

Mimi kwenye CV nimeandika "I have finished my studies in 2017". CV hiyo nimeituma sehemu saba. Saba!

Na bado. Kwa kazi ambayo unaendelea nayo mpaka leo, Kifaransa kinatumia wakati uliopo, "je travaille ici depuis six ans", basi nusu ya darasa letu wanaandika "I work here since six years". Hapo ndipo Kiingereza kinaitaka have: "I have worked here for six years". For ni urefu wa muda, since ni pale ulipoanzia: since 2019, since Monday. Yaani isipotakiwa tunaipachika, inapotakiwa tunaiondoa.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Mama yangu aliishia darasa la pili, na sijamsikia hata siku moja akichanganya "baba amefika" na "baba alifika". Ukisema amefika, watu wanaenda kutafuta kiti. Ukisema alifika, wanakuuliza lini, na alirudi saa ngapi. Tofauti ninayolipia dola 20 kwa mwezi ninayo mdomoni tangu utoto! Hajafika: he hasn't arrived yet. Ameshafika: he has already arrived. Sijawahi kufika Kinshasa: I have never been to Kinshasa. Ndugu yako amekwenda Goma, bado yuko huko, ni has gone. Aliwahi kwenda akarudi, ni has been. Hiyo gone na been profu hakuigusa kabisa, kwa sababu kwenye mshale wake haimo.

Najua mabingwa watakuja kunikosoa, niwawahi. Sisemi -me- inafungua kila kufuli. "Mtoto amelala" ukiitafsiri "the child has slept" utakuwa umeshamwamsha, maana kwetu amelala ni yuko usingizini sasa hivi, "is asleep". Amesimama, nimechoka, nimeshiba, zote ni za namna hiyo. Na kama wewe ni mtu wa "jana nimemwona", jichunge pia. Lakini hayo mwalimu angeyaeleza kwa dakika kumi tukaelewa. Na wewe utakayeniambia Wamarekani wanasema "I already ate" na "Did you eat yet?", ni kweli, kwenye already, just na yet wao wanalegeza. Niletee Mmarekani anayesema "I have finished in 2017", nitamnunulia sahani nzima ya sambaza, visamaki vya ziwa letu.

Basi Jumanne nikaenda kwa profu na kitabu mkononi. Mbele ya wote. Akakipindua, akasoma kidogo, akaniambia, "Lakini wewe kwenye interogasio ulipata 16 kwa 20." Ndiyo, nilipata! Si jaribio hilo amelitunga yeye, kwa mshale uleule? Nikaona nimweleze kwa mfano. Nikasema, profu, sikiliza, baba amefika, baba alifika.

Darasa likacheka. Profu akalisogeza kopo.

Nimelipa. Franka 500, kwa kuelewa somo.

Nikamwomba anirudishie dola 20 za mwezi huu, maana nimehudhuria siku mbili tu. Akasema silabusi imeandika pesa hairudi. Nikafungua silabusi kutafuta. Eti iko ukurasa wa 14.

Kama kuna mtu hapa Bukavu anamfahamu mwalimu wa Kiingereza asiyeogopa Kiswahili, anitumie ujumbe. Nyumbani kwake, barazani, popote nitakuja. Asiyekuwa na mwalimu ila ana la kunifundisha kuhusu kuomba kazi upya mahali ambapo wameshakuona mwongo, huyo naye aandike, hata leo usiku.

Zile CV saba, tatu nimezirekebisha na kuzituma tena. Nne bado.