Tupeane uzoefu: Nyumba ya zamani uliyoishi au kufanyia kazi, ikavunjwa kupisha ghorofa

Mkaa Kisutu
Wakuu, habari za jioni. Nimepita Kisutu, katikati ya Dar, leo nikakuta mabati mapya yamezungushwa kwenye jengo moja la ghorofa moja, zile za Uhindini zenye jina la mjenzi na mwaka juu kabisa usoni. X nyekundu imeshapigwa kwenye nguzo ya baraza. Chini kulikuwa na duka la vitambaa tangu nasoma msingi. Nikaanza kuhesabu kichwani vilivyoondoka: jengo la Salamander pale barabara ya Samora, hoteli ya New Africa ya zamani iliyokuwa Kaiserhof ya Wajerumani, na nyumba chungu nzima za katikati ya mji ambazo hazikuwa na umaarufu wowote ila zilikuwa na watu ndani.

Naomba tupeane uzoefu. Kama uliishi, ulipanga fremu, ulisoma au ulifanya kazi kwenye jengo la aina hiyo likavunjwa, ilikuwaje siku yenyewe? Mlipewa nini? Mlifanya nini cha kusaidia?

Kijana wa Gerezani
Umenigusa mkuu. Mimi Salamander nikipita pale mpaka leo macho yanaitafuta.

Binti Cherehani
Sikuwa na nia ya kuandika humu leo, ila hiyo X nyekundu imenirudisha mbali.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani, fremu ya chini kwenye jengo kama hilo. Mtaa sitautaja. Alipanga tangu nyumba zikiwa za Msajili wa Majumba, yaani za serikali, kodi ya kulipika, na kwa miaka yote hiyo hajawahi kuchelewesha. Juu kulikaa familia, na bibi yao mjane tulimwita Dadima, kama wajukuu zake walivyomwita. Ngazi ya kupandia kwake ilikuwa ya mbao ya msaji, kila daraja limelika katikati kwa nyayo za watu. Mvua ikinyesha tulikuwa tunapanda kumsaidia kutega ndoo, kwa sababu vigae vilishachoka na hakuna aliyeleta vipya. Tukiomba kuvikarabati sisi wenyewe tunaambiwa hairuhusiwi.

Notisi ikaja. Wapangaji wakachanga, wakaweka wakili, kesi ikapangwa kutajwa Jumatatu. Jumamosi, watu wametoka kuswali alfajiri, kijiko kikaingia mtaani na mgambo nyuma. Dalali ana karatasi mkononi anasema toeni vitu. Baba alikuwa na vyerehani vya kukanyaga, vile vizito vya chuma, na sare za harusi ya watu jioni ile. Tulitoa nguo kwanza, tukazilaza juu ya gari la jirani.

Dadima akakataa kushuka. Alikaa kitandani na tasbihi yake, hasemi na mtu. Wakaanza upande wa pili wa roshani ili atishike. Vigae vikamiminika barabarani, boriti moja ikachomoka ikabaki inaning'inia juu ya mlango wetu. Hapo yule kijana wa kijiko akazima mashine. Akashuka, akamwambia msimamizi wake mbele ya watu wote kwamba nyumba yenye mtu ndani haigusi. Msimamizi akamtukana, kijana akamwachia funguo kwenye boneti. Ndiye aliyepanda na kaka yangu, akaongea na Dadima taratibu kwa muda mrefu, akashuka naye mgongoni kwenye ile ngazi.

Wakaleta dereva mwingine. Adhuhuri ngazi haikuwepo.

Kilichoniuma kuliko vyote ni milango. Lori la kubeba milango na boriti lilikuja asubuhi hiyohiyo, na mnunuzi ana risiti ya Jumatano. Yaani sisi tunamchangia wakili, milango yetu imeshalipiwa.

Na ghorofa lenyewe hawajajenga. Ni maegesho ya magari, unalipia kwa saa.

Kijana wa Gerezani
Pole sana dada. Risiti ya Jumatano!

Tetea Taifa
Poleni, lakini tusilie kupita kiasi. Hayo majengo ni ya mkoloni. Mjerumani alihamishia makao yake Dar mwaka 1891, akajenga akae yeye, babu zetu wanakatwa kodi na kuchapwa viboko. Watu walikufa Majimaji kuanzia 1905. Leo mtu analilia kuta za Mjerumani? Vunja, jenga ghorofa za Watanzania.

Mzee wa Chokaa
Tetea Taifa, kijana wangu, taratibu. Nyumba aliyoeleza huyu binti haikujengwa na Mjerumani. Uhindini imejengwa na wafanyabiashara wadogo waliokusanya senti, na aliyebeba mawe, aliyechoma chokaa, aliyepasua mbao ni fundi wa hapahapa. Boma la Kale pale Sokoine kalijenga Sultan Majid miaka ya 1860, Mjerumani hajafika. Na hata hizo za Mjerumani: jiwe lililobebwa na babu yangu kwa lazima ni jasho la babu yangu. Ukilivunja, Mjerumani hapati hasara yoyote. Mimi ndiye ninayepoteza mahali pa kumwonyesha mjukuu kwamba kazi hii aliifanya nani.

Tetea Taifa
Mzee nakuheshimu, shikamoo. Ila hata sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, iliondolewa pale Askari Monument ikawekwa nyingine 1927, mji haukufa. Miji inabadilika.

Mzee wa Chokaa
Marahaba. Iliondolewa sanamu, hakutupwa mtu nje na cherehani yake.

Jicho Kavu
Samahani, mimi hii stori ya dereva wa kijiko kumbeba bibi mgongoni naona kama sinema. Dereva gani wa siku hizi anaacha kibarua?

Binti Cherehani
Ulikuwepo?

Kijana wa Gerezani
Jicho Kavu kuwa na adabu. Mtu anaeleza msiba wa nyumbani kwao wewe unadai ushahidi.

Jicho Kavu
Nimeuliza tu, siyo ugomvi.

Binti Cherehani
Yule kijana baadaye alikuja kumsalimia baba mara kadhaa. Alikosa kazi kwa jambo lile. Kwa hiyo usimfanyie mzaha hapa.

Mrithi wa Kariakoo
Niongee upande ambao humu haupendwi. Mimi ni mmoja wa warithi wa nyumba ya Kiswahili Kariakoo, vyumba sita na ukumbi katikati, uani choo na jiko. Babu aliijenga enzi za Mwingereza, kwenye eneo ambalo jina lake lenyewe limetokana na wapagazi wa jeshi, Carrier Corps. Wapita njia walikuwa wanaipiga picha, wanasema nzuri, ya kihistoria. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuleta bati. Warithi tuko wengi, kila mtu na shida yake, ada za shule, mgonjwa wa figo. Akaja mwekezaji, akasema nyie toeni kiwanja, mimi natoa zege, tunagawana fremu. Tulikubali. Nililia siku wanang'oa mlango, na bado nasema tulikubali kwa haki. Anayetaka nyumba yangu ibaki kwa faida ya mji mzima, mji mzima uchangie paa.

Mkaa Kisutu
Mrithi, hoja yako nzito na nakubaliana nayo nusu. Mwenye nyumba akiachiwa mzigo peke yake atauza tu. Ila angalia tofauti: ninyi mlikaa kikao cha ukoo mkaamua. Kwa Binti Cherehani walioamua hawakuwa wanalala mle ndani.

Sheria Mkononi
Niweke jambo moja ambalo wengi hawalijui. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, Sura ya 333, inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Pigeni hesabu: Dar yenyewe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Kwa hiyo karibu kila jengo la zamani mnaloliona mjini, la Mjerumani, la Mwingereza, la Mhindi, halina ulinzi wowote mpaka waziri alitangaze kwenye Gazeti la Serikali. Yapo yaliyotangazwa, lakini mengi ya mitaani hayamo. Hivyo mtu akikwambia "hili ni la kihistoria, hawawezi kulivunja", muulize tangazo lake liko wapi. Ulinzi unaombwa jengo likiwa zima na lina wapangaji. Mabati yakishazungushwa mmechelewa.

La pili, umiliki. Sheria ya 1971 ilitwaa majengo ya thamani inayozidi shilingi 100,000 ambayo mwenyewe hakuyakalia, yakaenda kwa Msajili, na mwaka 1990 yakaunganishwa na Shirika la Nyumba. Kwa hiyo katikati ya mji mwenye jengo, mwenye kumbukumbu nalo na mwenye kulala ndani mara nyingi ni watu watatu tofauti. Anayelala ndani ndiye mnyonge kuliko wote.

Tetea Taifa
Hapo kwenye 1863 nimejifunza kitu.

Mama Samora
Ushauri wangu kwa mwenye notisi mkononi: usisaini chochote. Chochote kabisa. Hata kitabu cha mahudhurio ya kikao.

Jicho Kavu
Mimi nashauri kinyume. Wakikupa fidia, saini, chukua, hama mapema utafute fremu nzuri. Wanaobaki mwisho ndio wanaotolewa na mgambo. Na ukiweza chukua na mlango wako kabisa.

Mama Samora
Fidia ipi kwa mpangaji? Labda kwenu.

Mvita
Assalaam aleikum jamaa zangu wa Dar. Huku Mombasa Mji wa Kale umo chini ya hifadhi tangu miaka ya 90, kuna afisi maalumu, wataka kubadili hata dirisha wapeleka mchoro. Tuna na sheria ya makumbusho na urithi ya 2006. Nyote mwaweza kudhani sisi twalala usingizi. Lakini watu hungoja siku za mapumziko ndio hubomoa, Jumatatu ikifika afisi hukuta uwanja. Nimesoma hiyo ya Jumamosi alfajiri hapo juu nikasema, lo, kumbe desturi ni moja. Nawapa nasaha moja tu: mtaa uwe na namba za simu za kila mmoja, na wa kwanza kuona lori apige simu, hata kama ni usiku wa manane. Sisi lilitusaidia mara moja, nyumba ile iko hadi leo.

Kijana wa Gerezani
Zanzibar nao Mji Mkongwe uko kwenye urithi wa dunia tangu 2000, na bado jumba la Beit al-Ajaib liliporomoka 25 Desemba 2020 likiwa kwenye ukarabati, watu wawili wakafariki.

Mzee wa Chokaa
Na hapo ndipo hoja ninayotaka kuisema kama fundi. Nyumba hizi nyingi hazihitaji kijiko, zinauawa taratibu na saruji. Ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua: unanyonya maji ya mvua, jua likitoka unayatoa. Mtu anakuja na saruji ngumu anapiga plasta juu, unyevu unafungiwa ndani, chumvi inakula jiwe, ncha za boriti zinaoza pale zilipoingia ukutani ambapo huzioni. Baada ya miaka plasta inabanduka kwa mabamba makubwa. Anakuja mkaguzi, anatingisha kichwa, anaandika "hatarishi". Karatasi hiyo ndiyo tiketi ya kuvunjia. Kwa hiyo ukipanga nyumba ya namna hii na una vijisenti vya ukarabati, hakikisha mifereji ya paa haijaziba, na usikubali fundi apige saruji nje.

Mrithi wa Kariakoo
Mzee, kwetu ndivyo walivyofanya miaka ya nyuma. Kuta zilikuwa zinatoa unga mweupe, tukifagia kila asubuhi.

Mzee wa Chokaa
Ndiyo chumvi hiyo mwanangu.

Mama Samora
Tusisahau usalama pia. Machi 2013 ghorofa la zaidi ya 15 liliporomoka mtaa wa Indira Gandhi hapa Dar, likaua watu 36. Lilikuwa jipya, bado linajengwa. Kwa hiyo mtu asinitishe na neno "hatarishi" kwa nyumba iliyosimama toka kabla ya vita vya pili.

Tetea Taifa
Sijabadili msimamo kuhusu mkoloni, ila kwa nyumba za watu wa kawaida nawaunga mkono. Binti Cherehani, baba yuko wapi sasa?

Binti Cherehani
Yuko Mbagala, anashonea barazani nyumbani. Wateja wa mjini hawafiki. Dadima alihamia Upanga kwa mwanawe, na mpaka anafariki hakutaka gari limpitishe mtaa ule.

Mkaa Kisutu
Poleni sana, mfikishie mzee salamu zetu. Wakuu, lile la Kisutu bado halijaguswa. Nimeongea na mwenye duka la vitambaa, anasema kuna wapangaji wawili bado wamo na hawajui pa kuanzia. Sheria Mkononi, naomba nikuunganishe nao. Pale Boma la Kale kuna kituo cha DARCH kinachoshughulika na urithi wa majengo, kesho naenda kuuliza kama jengo hili limo kwenye kumbukumbu zao. Mwenye picha za zamani za mtaa, hasa zinazoonyesha uso wa juu wenye mwaka, aziweke hapa.

Sheria Mkononi
Niko tayari. Waambie wanitafute leo, waje na mkataba wa pango, risiti zote za kodi na hiyo notisi. Bahasha waje nayo pia, ina muhuri wa tarehe.

Kijana wa Gerezani
Mzee wa Chokaa, hiyo chokaa siku hizi inapatikana wapi? Nyumba yetu ya Gerezani plasta inabanduka hivyohivyo.

Mzee wa Chokaa
Tafuta ya mawe ya Tanga. Iloweke kwenye pipa, funika, usiiguse haraka, kadiri inavyokaa ndivyo inavyokuwa laini kama siagi. Kwanza bandua saruji yote upande mmoja uache ukuta ukauke kiangazi kizima. Nitakupigia.