"Kupumbaza": ni sifa au ni tusi?

Mwanzisha mada

Wakuu, nisaidieni neno moja lililonikosanisha na mwalimu mkuu.

Shule moja ya hapa Tanga iliandaa jioni ya hadithi, nami nikapewa kazi ya kuandika bango. Nikaandika: "Mzee wetu atawapumbaza kwa visa vya pwani." Mwalimu mkuu akalipiga kalamu nyekundu lile "atawapumbaza", juu yake akaandika "atateka hisia zenu". Nikamuuliza kosa ni nini. "Wazazi watasema tumewaita wapumbavu."

Mimi neno hili nimelikuta jikoni. Shangazi yangu alikuwa anapika wali wa nazi, redioni kuna mchezo wa kuigiza. Keshapalia makaa juu ya mfuniko, kakaa juu ya mbuzi, upawa mkononi, shingo kaielekeza kwenye redio. Harufu ya kuungua ilitufikia sisi tuliokuwa barazani kabla haijamfikia yeye. Akainuka mbio: "Mchezo huu umenipumbaza, hata wali umeungua!" Hakuwa akijitukana. Alikuwa akiusifu mchezo, na kesho yake saa ileile alikuwa palepale.

Hebu yawekeni pamoja: duwaa, zubaa, shangaa, bung'aa, pumbaa. Yote yanamchora mtu mmoja, mdomo wazi, macho hayapepesi, alichoshika mkononi kakisahau. "Mpumbavu" kazaliwa na kitenzi hiki, kama angaa ilivyozaa angavu na nyamaa ikazaa mnyamavu. Yule anayepumbaa kutwa nzima ndiye tuliyempa jina baya. Sasa tumnyang'anye shangazi neno lake kwa sababu ya mtoto mtukutu?

Msomaji wa Kisauni

Huku Mombasa hilo mbona halina kesi. Mtoto analia, mama yuko jikoni, utasikia: "Hebu mpumbaze nimalize." Wampa kijiko na sufuria abamize, ananyamaza. Jioni tukiwa kwenye bao, mtu akipita akiuliza mwafanya nini, jibu ni "twajipumbaza tu". Hakuna aliyejiita mjinga hapo. Huyo mwalimu mkuu wako katoka bara?

Mwalimu, Dodoma

Bara ndiko waliko wasemaji wengi, ndugu yangu, msitutoe nje ya lugha. Najua Kiunguja ndicho kilichochaguliwa Mombasa mwaka 1928 kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930 ikakipeleka vitabuni. Lakini mimi nina darasa mbele yangu. Nikiwauliza kupumbaza ni nini, wananijibu kudanganya, kulaghai, kumfunga mtu akili. Wamelisikia kwenye mikutano ya siasa na kwenye mahubiri: "Msikubali kupumbazwa!" Jikoni hawajalisikia. Bango huandikiwa mtu anayepita barabarani, na huyo hana muda wa kuuliza neno lilizaliwa na nani. Ukilibandika hilo huku kwetu, watakaofika ni waliokuja kugomba.

Mpita njia

Sijawahi kumwona aliyepumbazwa akashukuru.

Mhariri wa zamu ya usiku

Dodoma namuunga mkono nusu. Nusu nyingine, naomba mtuhurumie na hiyo "kuteka hisia", nimechoka kuikata. Kila mwimbaji anateka, kila bao la dakika za mwisho linateka, mpaka limekuwa halina ladha. Na miaka hii yenye habari za watu kutekwa, nikikutana na kichwa cha habari "Awateka mashabiki ukumbini" nashtuka kwanza, naelewa baadaye.

"Kukonga nyoyo" nayo ni nzuri ila si kitu kilekile. Kukonga kuna kiu ndani yake: aliyekongwa moyo karidhika, anaweza kuaga akaenda zake. Aliyepumbaa haendi popote. "Kuroga" ndilo lingefika pale unapotaka, lakini jaribu kuandika kwamba binti wa watu ameroga ukumbi mzima, uone simu zitakavyoita ofisini.

Kwa hiyo nafasi ya neno ipo, na haina mwenyewe. Kama si pumbaza, mtuambie ni lipi.

Mwanzisha mada

Mpita njia, shangazi alishukuru, na sisi tukagombania ukoko.

Mwalimu wa Dodoma, wanafunzi wako na shangazi yangu mimi naona wanasema jambo moja. Kupumbaza ni kumtoa mtu macho kwenye chungu chake. Ndiyo maana neno hili hupenda kufuatwa na "hata": kanipumbaza hata nikasahau hiki, hata nikakosa kile. Kilichoungua kikiwa wali, tunacheka. Kilichoondoka kikiwa shamba, au kura, tunakasirika, na haki tunayo. Mwanasiasa na msimulizi wote wanakutoa macho kwenye chungu, ila msimulizi chungu chako hakitaki.

Palipo na haki yake nitampa mwalimu mkuu: bangoni niliandika "atawapumbaza" nikaishia hapo, bila kusema watu watasahau nini. Msomaji akajijazia mwenyewe, na siku hizi tunajua atajaza nini. Ningeandika "atawapumbaza hata msahau kurudi nyumbani", nadhani kalamu nyekundu ingepita pembeni.

Basi, bango lilitoka na "atateka hisia zenu". Mzee akaanza "Hadithi hadithi!", ukumbi ukaitika "Hadithi njoo!", na chai ya tangawizi ikapoa vikombeni. Wakati wa kutoka, mama mmoja kasimama getini anatazama huku na huku, kumbe bodaboda aliyemwambia amsubiri keshaondoka. Akacheka peke yake: "Mzee huyu katupumbaza kwelikweli."

Mwalimu mkuu alikuwa hatua mbili nyuma yake. Hakutia neno.

Mwalimu, Dodoma

Huyo mama ni wa Tanga. Mlete huku apumbazwe na mwanasiasa, kisha tumuulize tena.